Siku Mama Pasi Alipopanda Mnara

Kwa miaka ishirini na tisa Mama Pasi alipiga pasi akiutazama ukuta wa ngome. Kati ya dirisha lake na ukuta ule palikuwa na kichochoro tu, hatua kumi na moja za mtu mzima, kumi na nne kama umebeba kapu. Mawe ya ukuta aliyajua kama mtu anavyowajua majirani zake: lile lenye tundu wanamolala popo, lile jeusi linalotoa jasho mvua ikikaribia, lile lililochongoka ambalo kila mgeni lazima alipige picha. Kivuli cha ukuta kikigusa kizingiti cha mlango, alijua ni saa tisa. Hakuwa na haja ya kutazama saa, ingawa nyumba yake, kwa kuwa ameolewa na fundi saa, ilikuwa na saa kumi na saba ukutani na hakuna mbili zilizokubaliana.

Ndani ya ngome yenyewe, hata hivyo, hakuwahi kutia mguu. Wageni wakipita na ramani zao walimuuliza njia, naye bila kuiweka pasi chini aliwaelekeza kwa kidevu, "Zungukeni kona, lango liko upande wa bahari." Watu wa mtaani wakimuuliza mbona yeye haendi, alikuwa na jibu lake moja, halibadiliki.

"Ngome haina miguu. Itakwenda wapi? Mashuka ya watu ndiyo yenye haraka."

Na kweli yalikuwa na haraka. Alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba mbili za wageni zilizokuwa mtaa wa juu. Alfajiri anafua, kukipambazuka anayapandisha juu ya paa na kuyaanika, saa tatu amekwishasimama mezani na foronya za jana, chupa ya maji yenye kifuniko cha matundu mkono wa kushoto, pasi mkono wa kulia. Saa nne anajitwika kapu la kazi iliyokamilika na kuipeleka. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hata mkwe wake alimwita Mama Pasi.

Mumewe, Fundi, alikuwa na kibanda chake karibu na soko, mpaka miaka minne iliyopita alipoteleza kwenye ngazi akaumia goti. Tangu hapo alikaa nyumbani kwenye kiti cha mikono, mguu ameuweka juu ya kigoda, kioo chake cha fundi kikining'inia shingoni kwa uzi. Akiletewa saa aliitengeneza pale pale kitini. Kupanda ngazi ya kwenda paani lilikuwa jambo lisilotajika. Mama Pasi akipita na beseni la mashuka mabichi, Fundi alimpa pole kwa sauti ya huruma kabisa.

Basi, akaja wifi mtu. Huyu alikuwa dada mdogo wa Fundi, amestaafu ualimu baada ya kufundisha historia miaka thelathini na mitatu, na bado aliitwa Mwalimu hata na wauza mboga. Alikuja kukaa wiki mbili. Wifi hawa wawili walipendana kwa njia ya kugombana, yaani siku wasipotupiana maneno ndipo watu wa nyumbani waliuliza kama kuna mgonjwa.

"Nimefundisha watoto habari za ngome kama hii kwa picha ndogo ya kitabuni," Mwalimu alilalamika siku ya kwanza. "Wewe umeegemea yenyewe, na hujui hata ina minara mingapi."

"Minne. Wageni wanahesabu kwa sauti."

"Aibu hii, wifi."

"Aibu ni shuka lenye makunyanzi."

Siku ya Alhamisi, Mama Pasi akiwa katikati ya foronya ya sita, taa ya pasi ikazimika. Feni nayo ikajizungusha mara tatu za kuaga, ikasimama. Nje watu wakaguna mtaa mzima. Jirani akapita dirishani kutangaza kwamba transfoma imelipuka na mafundi wa umeme wamesema mchana, na mchana wao kila mtu anaujua.

Mwalimu akaweka kikombe mezani taratibu. "Haya," akasema. "Leo utasema nini?"

Mama Pasi akaitazama pasi kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. Akamgeukia mumewe. "Baba watoto, na wewe je, twende?"

"Na goti hili?" Fundi akalipapasa goti. "Nendeni tu, nendeni. Mimi nitalinda nyumba. Jua kali, chukueni mwavuli. Tena msikimbilie kurudi, ngome ni kubwa ile, ina mengi ya kuona." Alikuwa mchangamfu kupita kiasi, lakini wakati ule hakuna aliyelitia hilo maanani.

Wakazunguka kona. Langoni walimkuta mtembeza wageni, mwanamume mrefu mwenye fimbo ya kuonyeshea vitu. Asubuhi ile hakuwa na wageni wengine, akawapokea kama shangazi zake. Mlango ulikuwa mzito, wa mbao zenye misumari mikubwa kama vichwa vya uyoga, na ndani yake palikuwa na giza baridi la hatua chache. Kisha ghafla uwanja mpana, mwanga, na anga. Mama Pasi akasimama. Miaka yote alidhani ndani ni mawe matupu. Kumbe kulikuwa na nyasi, kisima, vyumba vilivyokosa mapaa, na mizinga minne imelala ikitazama bahari kama wazee waliochoka kungoja.

Mtembeza wageni akaanza hotuba yake. Mwalimu akamkatiza mara mbili kumsahihisha, akamshukuru mara tatu. Mama Pasi alikuwa nyuma yao, na alichouliza hakikuwamo katika hotuba.

"Wanajeshi walikuwa wangapi humu?"

"Inasemekana mia moja hivi, mama."

"Mia moja. Na nguo zao alikuwa anafua nani?"

Mtembeza wageni akaishusha fimbo yake. "Mama, nina miaka kumi na minne hapa. Nimeulizwa kuhusu mizinga, vizuka, hazina iliyofukiwa. Hilo sijawahi kuulizwa."

Mama Pasi akawa ameshaondoka. Kando ya kisima palikuwa na jiwe pana, limeinama kidogo upande mmoja, na chini yake mfereji mwembamba ulioelekea tundu la ukutani.

"Hapo walikuwa wananywesha punda," mtembeza wageni akaeleza, akimkimbilia. "Ndivyo tunavyosema."

"Punda wa wapi?" Mama Pasi akainama, akaupitisha mkono juu ya jiwe. Katikati lilikuwa limelika, laini kama kiwiko cha mtoto. Akasimama mbele yake, akapeleka mikono mbele na kuirudisha, mbele na kurudi, na kiganja chake kikaangukia pale pale palipolika. "Punda hawezi kulilainisha jiwe namna hii. Hii ni mikono. Tazameni maji yanavyokwenda, yanaikimbia miguu ya mfuaji. Aliyelitega jiwe hili alijua kazi."

Mwalimu naye akaja kuligusa jiwe. Mtembeza wageni akatoa kalamu, akaandika kitu kwenye kiganja chake.

Kisha wakaenda mnarani, ule wa upande wa mji, kwa kuwa mlango wake ndio uliokuwa wazi. Ngazi zilikuwa sitini na nne, Mwalimu alizihesabu kwa sauti kama yuko darasani. Ziliinuka kwa kuzunguka, nyembamba, na kila baada ya mzunguko palikuwa na tundu refu jembamba la kuchungulia. Mama Pasi, mwenye miguu iliyokomazwa na ngazi za paa lake, alifika juu wa kwanza.

Juu palikuwa wazi, pamezungukwa na ukingo wa mawe uliomfika kifuani. Upepo ulimpokea kwa kumpapatisha mtandio. Upande mmoja bahari, upande mwingine mji wote umelala: mapaa, matangi ya maji, antena, nyaya zilizosukana, na vichwa vya watu vikipita vichochoroni kama kunde zilizomwagika. Mtembeza wageni akaeleza kwamba walinzi walisimama hapo kwa zamu mchana kutwa, kazi yao kuona tu na kusema walichoona. Mama Pasi alikuwa anafikiria kwamba hiyo ni kazi ambayo angeipenda, ndipo kitu cha njano kilipopita mbele ya macho yake.

Ilikuwa tiara. Tena si ya kubabaisha. Ilikuwa imenyooka kama mstari wa rula, mkia wake mrefu wa vitambaa, ikapanda, ikasita, ikainamisha kichwa upande kama inasikiliza, ikapanda tena.

"Wifi, njoo uone! Nani mwenye mkono mzuri hivi?"

Mwalimu akayakinga macho. "Fuata uzi. Kila tiara ina mwenyewe."

Mama Pasi akaufuata uzi kwa macho. Ukashuka juu ya kichochoro, ukapita tangi la jirani, ukaingia kwenye paa lililojaa mashuka meupe.

"Masikini, kumbe nina mwenzangu," akasema. "Hebu ona mashuka yalivyo mengi. Tena ana beseni la bluu kama..."

Akaushika ukingo.

Katikati ya safu mbili za mashuka, mzee mmoja mwenye fulana alikuwa anakimbia kinyumenyume. Hakuwa anachechemea. Alikimbia. Alilifikia beseni, akaliruka bila hata kulitazama, akageuka kwa kisigino kimoja na kuuvuta uzi, na kitu kidogo kikamemeta kifuani pake, kikining'inia kwa uzi shingoni.

"Goti," akasema Mama Pasi.

"Goti gani?"

"La kaka yako."

Mwalimu akatazama kwa muda. "Hilo limepona, wifi," akasema mwishowe. "Limepona vizuri sana."

"Ah, mnamfahamu?" Mtembeza wageni alifurahi kuwa na kitu cha ziada cha kuwaonyesha. "Yule ni wa kila siku. Huku juu tunamwita Rubani. Huu mwaka wa pili sasa. Kila ikifika saa nne, yule mama mwenye kapu akishapinda kona tu, huyo paani!"

"Mama mwenye kapu," Mama Pasi akarudia.

"Ndiyo. Sura yake hatuijui, huku tunaona kapu tu."

"Basi leo iangalie vizuri," akasema Mama Pasi, na akamgeuzia uso.

Mtembeza wageni akaamua kwamba fimbo yake inahitaji kufutwa vumbi. Mwalimu alikuwa ameshashika ukingo kwa mikono miwili, mabega yanamtetemeka kwa kicheko alichokibana. Mama Pasi akautoa mtandio wake mweupe, akaupunga mara moja, mara mbili, kisha akaita kwa sauti ile iliyozoea kuita watoto kutoka mtaa wa tatu.

"Fundiii!"

Mzee wa paani akaganda. Akatazama huku, akatazama kule, halafu akainua uso juu. Uzi ukamponyoka. Tiara ikayumba kama mlevi, ikaenda kujilaza juu ya mashuka. Na Fundi, kwa akili za mtu aliyefumaniwa, akakaa haraka juu ya ndoo iliyopinduliwa na kulishika goti kwa mikono miwili.

Hapo Mwalimu hakuweza tena. Aliangua kicheko mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka, anapiga sakafu ya mnara kwa kiganja. Mama Pasi alitaka kukasirika kwanza, lakini kicheko ni kama kikohozi, hakiombi ruhusa. Walicheka mpaka wakashikana. Alipopata pumzi, Mama Pasi akapunga tena mtandio. "Njoo hapa! Kwa hilo hilo goti!"

Alikuja. Mwalimu alitazama saa yake: dakika tisa, pamoja na kuzunguka kona na ngazi zote sitini na nne. Alitokea mlangoni akiwa amevaa shati kinyume.

"Hata hahemi," Mwalimu akasema. "Kaka, hata huhemi!" Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye akili, akamshika mkono mtembeza wageni. "Twende ukanionyeshe yale maandishi ya kwenye ngazi."

Wakabaki mke na mume, na upepo. Fundi alianza kufungua vifungo vya shati ili alivae upya, akaona si wakati wake.

"Lilipona lini?" Mama Pasi akauliza.

"Mwaka juzi. Mvua zilipoanza."

"Na ulinyamaza."

"Ningesema limepona, ungeniambia nikafungue kibanda." Fundi aliegemea ukingo, akawa anaongea na mapaa ya mji. "Na kibandani hakuna mtu, mama watoto. Mwezi ule kabla sijaanguka alikuja mteja mmoja. Aliuliza njia ya benki. Kila mtu ana saa kwenye simu. Siku nilipoanguka, Mungu anisamehe, moyoni nilishukuru. Mtu mwenye goti bovu anaulizwa hali. Mtu asiye na kazi anaulizwa maswali."

Mama Pasi akaukunja mtandio wake. "Kibanda kilikufa zamani, nilijua," akasema. "Kila siku nilipita pale na kapu. Nilikuona unazifungua saa zilizo nzima na kuzifunga tena. Nilinyamaza nisikuvunje moyo."

Fundi akageuka kumtazama. "Ulijua?"

"Mtu anayefua nguo zako ana nini asichojua? Shati la kazi lilikuwa linarudi bila hata tone la mafuta." Hapo sauti yake ikabadilika. "Lakini kapu, Fundi. Miaka miwili nimepandisha mashuka mabichi paani, na wewe unanipa pole umekaa. Halafu nikiondoka, unapanda ngazi zile zile kwenda kucheza."

Fundi akatazama viatu vyake. Angeweza kusema jambo la kuchekesha, alikuwa nayo mengi.

"Hilo sina la kujitetea," akasema. "Hilo nimekukosea."

Mama Pasi akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Hakusema yameisha, maana hayakuwa yameisha. Akakaa kwenye jiwe la ukingoni. Kisha akauliza, "Tiara yenyewe umetengeneza mwenyewe?"

"Vijiti nimevichonga kwa kisu cha saa. Ya kwanza haikuruka. Wala ya pili. Hiyo ni ya kumi na nane."

"Ni nzuri," akasema, bila kutabasamu.

Mara mji mzima ukapiga kelele chini yao. Redio zikaamka pamoja, kila moja na wimbo wake, mashine ya kusaga ikanguruma mahali fulani, watu wakapiga makofi. Umeme umerudi. Mama Pasi alikwishainuka, mguu mmoja umeelekea ngazi, mdomo unasema foronya za watu, nyumba ya wageni, mashuka yamekauka kupita kiasi, kabla kichwa chake hakijaamua lolote.

"Kaa," Fundi akasema. "Nakwenda kuanua mimi."

"Unajua kukunja?"

"Nimekutazama miaka ishirini na tisa."

"Kutazama si kukunja."

"Basi utanielekeza. Si uko mnarani?"

Akashuka. Wifi akapanda, akasimama ukingoni kando yake, na wote wawili wakatazama paa. Fundi alitokea, akaanza na shuka la kwanza. Alilikunja kama mtu anayefunga samaki kwenye gazeti.

"Kona kwa kona!" Mama Pasi akapaza sauti. "Kona! Hiyo siyo kona, hiyo ni katikati!"

Fundi akalikunjua, akaanza upya. Vichochoroni watu walikuwa wanasimama kutazama juu. Mtembeza wageni akasogea kusema kwamba sheria za ngome haziruhusu kelele, akamtazama Mama Pasi, akaghairi. Ilichukua karibu saa nzima. Shuka la mwisho lilitoka vizuri kiasi kwamba Mwalimu alipiga makofi, na Fundi pale paani akainama kama mtu aliye jukwaani.

Siku zilizofuata hazikuwa zote za kicheko. Mama Pasi alimnunia mumewe siku nne nzima, na Mwalimu, mwanamke wa haki, alimsaidia kununa. Lakini tangu kesho yake, Ijumaa, ni Fundi aliyepandisha mabeseni na kuyaanika, na saa nne ni yeye aliyejitwika kapu. Wiki ya kwanza alilipeleka kapu kwenye nyumba ya wageni isiyo yake. Wiki ya pili akawa anajua wapishi wote kwa vituko vyao, anarudi na habari za mjini ambazo mkewe kwa miaka hakuwa na nafasi ya kusimama kuzisikia. Kibanda walikifunga rasmi, wakaenda pamoja kushusha kibao. Fundi alikuwa mzito njiani, Mama Pasi akakishika kibao upande wa pili. Tiara aliendelea kurusha jioni, hadharani sasa, ila alilalamika kwamba upepo wa jioni si mzuri kama wa saa nne.

Mwalimu aliondoka wiki zake mbili zilipokwisha, akiwa na begi lililopangwa vizuri kuliko lilivyokuja. "Wifi," alisema akiwa mlangoni, "nimefundisha miaka thelathini na mitatu, na sikuwahi kuuliza nani alifua."

"Ulikuwa na nguo safi," Mama Pasi akamjibu. "Mwenye nguo safi haulizi."

Mtembeza wageni hasemi tena habari za punda. Husimama kwenye lile jiwe na kusema kwamba wataalamu bado hawajakubaliana, ila kuna mtaalamu mmoja nje ya ukuta mwenye maoni yake. Baadhi ya wageni huzunguka mpaka dirishani kuyasikia, na Mama Pasi huwaeleza, huku pasi inakwenda.

Naye siku hizi huingia ngomeni. Umeme ukikatika huenda, na usipokatika wiki nzima huuzima mwenyewe swichini saa kumi na kwenda. Ameshapanda minara mitatu. Wa upande wa bahari ndio anaoupenda, kwa kuwa kutoka pale huoni paa la mtu yeyote. Wa nne umefungwa, ngazi zake zinatengenezwa. Amemuuliza mtembeza wageni utafunguliwa lini, akaambiwa mwezi ujao. Alipouliza tena mwezi huo, akaambiwa mwezi ujao.